Namna ya kuzuia watu wasigongwe na magari ndani ya yadi na maegesho ya kazini

Kila nikikutana na afisa usalama aliyeteuliwa juzijuzi hapa Uganda, iwe Namanve, Kawempe au Malaba mpakani, swali ni lile lile: nianzie wapi? Tayari ameshabandika tangazo la "ENDESHA POLEPOLE" ukutani, ameshawaambia wafanyakazi wawe macho, na bado watu wanakoswakoswa kila wiki. Wengine huteuliwa baada ya mtu kuumia, na huo ndio wakati mgumu kuliko wote wa kujifunza kazi hii. Nimeyaandika yote mahali pamoja, kwa Kiswahili ambacho askari wa geti, dereva na tanboi (msaidizi wa dereva wa lori) wataelewana nacho.

Anza na uwanja wenyewe kabla ya kuanza na watu. Ukimwambia mtu awe macho, atakuwa macho asubuhi. Jioni amechoka, ana njaa, simu inaita, mvua inanyesha, na yeye anawahi taksi ya kurudi nyumbani. Uwanja uliopangwa vizuri unamlinda hata saa hiyo.

Nilianza kama askari wa geti katika ghala moja. Kulikuwa na mama aliyetuletea chakula mchana, sahani zimefunikwa kwenye beseni kichwani. Siku moja alipita kati ya pikapu na ukuta, dereva akatia rivasi, mguu wa mama ukabanwa ukavunjika. Dereva alisema hakumwona, na alisema kweli. Mama yule alipita palepale kila siku kwa miezi mingi, mimi nikimfungulia geti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza apite wapi. Kila ninachokueleza hapa kinatokana na swali hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ruhusa ya meneja, kwa maandishi. Utahamisha maegesho ya wakubwa, kwa hiyo usianze kwa maneno ya mdomo.
- Tepu ya kupimia ya mita 30, au kamba uliyoipiga fundo kila mita moja.
- Daftari, kiti, na simu yenye kamera.
- Chokaa ya unga ya kuweka alama za muda kwenye marramu (ardhi ya udongo mwekundu wa changarawe), au rangi ya barabarani kwa lami na zege.
- Matairi makuukuu, mapipa matupu, nguzo za chuma au za mti. Mengi ya haya tayari yapo nyuma ya ghala lako.
- Fulana za kuakisi mwanga, zile rifleta, za wafanyakazi na nyingine za wageni zitakazokaa getini.
- Kabari za mbao za kuzuia magurudumu, na filimbi.

Fulana hizo mfanyakazi asikatwe mshahara kuzilipia. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na umma kwa jumla dhidi ya hatari za shughuli zake, kwa gharama yake mwenyewe. Neno "umma" lisome mara mbili: mama wa chakula yumo.

Hatua ya 1: Kaa getini siku nzima

Weka kiti mahali unapoona geti na uwanja wote. Siku hiyo usipewe kazi nyingine. Nyakati tatu ndizo za kuangalia zaidi: zamu ya asubuhi inapoingia, muda wa chakula, na zamu ya jioni inapotoka.

Andika watu wanaingilia wapi, wanakatizia wapi, magari yanarudi nyuma wapi, na boda zinashusha abiria wapi. Tazama ardhi pia. Palipokanyagwa mpaka nyasi zikafa ndipo njia ya kweli ya watu, hata kama mchoro wa mhandisi unasema wapite upande wa pili.

Usihesabu wafanyakazi wako peke yao. Hesabu wapakiaji wa siku, fundi aliyeitwa kutengeneza jenereta, muuza chapati mwenye foleni mlangoni, na tanboi aliyelala kwenye kivuli chini ya trela lake. Huyu wa mwisho husahaulika sana. Jua likiwaka, chini ya trela ndiko mahali penye ubaridi kuliko popote kwenye yadi.

Hatua ya 2: Chora uwanja, weka alama

Mchoro wa mkono unatosha. Njia za magari zichore kwa rangi moja, za watu kwa rangi nyingine. Kila mahali mistari inapokutana weka X. Kila mahali gari linaporudi nyuma zungushia duara. X iliyo ndani ya duara ndiyo kazi yako ya wiki ya kwanza. Nyingine zinaweza kusubiri.

Hatua ya 3: Watu wapate mlango wao

Geti la magari lisiwe mlango wa watu. Kama ukuta unaruhusu, toboa mlango mdogo mbali na geti kubwa, na uuweke upande watu wanakotokea, la sivyo wataendelea na geti la zamani.

Geti likiwa moja tu na haliwezekani kuongezwa, ligawe. Panga mapipa yaliyojazwa zege au mchanga, watu wapite upande mmoja na magari mwingine. Ikiwa upana hautoshi hata kwa hilo, zuia magari yasitembee kwa dakika 20 wakati zamu zinapobadilishana. Waambie madereva saa hizo mapema kwa simu. Lori lisije likasimama kwenye barabara kuu ya Jinja likisubiri dakika zako ziishe, maana hapo utakuwa umeihamishia hatari kwa watu wengine. Litengee pa kusubiri ndani.

Kosa la kawaida: muuza chapati yuko mbele kabisa ya mlango mdogo, foleni yake inawasukuma watu warudi kwenye geti la magari. Usimfukuze. Msogeze mita chache pembeni, mpe kivuli, atakushukuru.

Hatua ya 4: Tengeneza njia ya miguu

Ifuate ile ardhi iliyokanyagwa uliyoiona hatua ya 1, isipokuwa pale inapopita nyuma ya magari. Upana usipungue mita 1.2, ili watu wawili wapishane bila mmoja kushuka njiani. Kama wafanyakazi hutoka mia kwa pamoja, ongeza.

Mstari wa rangi peke yake haumzuii mtu yeyote. Gurudumu la lori halisomi rangi. Weka kitu kinachosimama: matairi yaliyofukiwa nusu na kupakwa rangi nyeupe, nguzo, mapipa. Kwenye marramu rangi haishiki, na chokaa huondoka na mvua ya kwanza, kwa hiyo huko ni matairi na nguzo tu. Kabla ya kufukia chochote angalia maji yanakopita. Njia inayojaa maji mwezi wa Aprili itawarudisha watu wote katikati ya yadi, na utakuwa umepoteza kazi yako.

Kivuko kiwe mahali dereva na mtu wanaonana kwa mbali, kikatize njia ya magari moja kwa moja bila kwenda mshazari. Kisiwe kwenye kona ya jengo, na usiruhusu gari kuegeshwa kando yake, hata la bosi. Gari lililosimama pale ni ukuta: mtu anajitokeza ghafla mbele ya bampa.

Hatua ya 5: Punguza rivasi

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu, fanya hii. Gari linalorudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, linameza zaidi ya mita 4 kwa sekunde 3. Dereva wa lori lenye bodi haoni kabisa kilicho nyuma yake. Vioo vya pembeni vinamwonyesha pembeni tu. Mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu hapo, kwa dereva hayupo.

Kwanza, jaribu kuupanga uwanja kwa njia moja: magari yaingie huku, yazunguke, yatoke kule, bila kugeuza. Yadi nyingi za mstatili zinakubali hili ukiondoa vyuma chakavu vilivyorundikwa kwenye kona moja. Nimeona uwanja ambao tatizo lake lote lilikuwa makontena mawili matupu.

Pili, magari madogo yaegeshwe kinyume: dereva arudi nyuma anapofika, ili anapoondoka atoke uso mbele. Madereva watauliza kuna tofauti gani, kwa kuwa rivasi bado ni moja. Tofauti ipo. Anapofika amepita mbele ya nafasi ile sasa hivi, ameona ni tupu, na watu hawana sababu ya kuwa ndani yake. Anapoondoka jioni, angekuwa anarudi nyuma kuingia kwenye njia yenye wenzake wote wanaoelekea getini, kiza kikiingia.

Tatu, kwa malori yasiyo na budi kurudi nyuma kwenye jukwaa la kupakia, tenga eneo hilo kabisa. Mtu asiye na kazi pale asivuke kamba. Na wakati wa kupakia, ufunguo wa lori ukae kwa msimamizi wa ghala, magurudumu yawekewe kabari. Malori huondoka wapakiaji wakiwa bado ndani ya bodi kwa sababu mtu fulani aligonga bati mara mbili, na dereva akadhani ni ishara ya "twende".

Hatua ya 6: Shusha mwendo

Weka kikomo cha kilomita 10 kwa saa. Dereva anapomwona mtu, huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujakanyaga breki. Kwa kilomita 20 kwa saa, gari linakuwa limeshatembea mita 8 na zaidi bila breki yoyote. Kwa kilomita 10, ni mita 4 hivi. Hizo mita 4 za tofauti ni upana wa njia ya lori.

Kibao hakitoshi, jenga tuta. Tuta likae kabla ya kivuko, dereva awe ameshapunguza anapokifikia. Kwenye marramu, tuta la udongo huliwa na mvua ndani ya msimu mmoja. Bora zege, au tairi za lori zilizofukiwa zikabanwa vizuri. Tuta kali mno nalo ni kosa: foklifti (mashine ya kunyanyulia mizigo) yenye mzigo itayumba, na madereva watalikwepa kwa kupita kwenye njia yako ya miguu.

Hatua ya 7: Mwelekezi mmoja, ishara moja

Pale rivasi isipoepukika, lori liongozwe na mtu mmoja aliyefunzwa. Mara nyingi kazi hii huachiwa tanboi, na tanboi hujifunza kwa kuona wenzake: anasimama nyuma kabisa ya lori, kati yake na ukuta, anapiga kelele "njoo, njoo, njoo" na kugonga bodi. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Akijikwaa, amekwisha.

Mfundishe hivi:

- Asimame pembeni, nje ya njia ya lori, mahali anapouona uso wa dereva kwenye kioo. Asipouona uso wa dereva, dereva naye hamwoni.
- Atumie mikono. Kelele zinapotea ndani ya injini. Ishara ya kusimama iwe moja na ijulikane na wote: mikono yote miwili juu, viganja vikimwelekea dereva.
- Dereva akimpoteza mwelekezi kwenye kioo, hata kwa sekunde moja, asimame palepale mpaka amwone tena.
- Watu wengine wasiongoze. Wanaume watatu wakipunga mikono kwa pamoja ni hatari kuliko kutokuwa na hata mmoja. Ila ishara ya kusimama yeyote anaweza kuitoa, hata mpishi.

Jambo moja la Uganda lisilozungumzwa vya kutosha: malori mengi yanayoingia kutoka Congo, Rwanda na Sudan Kusini yana usukani kushoto. Sisi tumezoea dereva kukaa kulia, na mwelekezi wetu husimama kulia bila kufikiri. Kwa lori la usukani kushoto, upande huo ndio dereva anaouona kwa shida zaidi. Mfundishe mwelekezi aangalie kwanza dereva amekaa wapi, ndipo achague pa kusimama. Kama yadi yako iko mpakani, Mpondwe, Katuna au Elegu, hili liwe somo la kwanza.

Na kabla ya injini kuwashwa, kila dereva azunguke gari lake lote kwa miguu na kuinama kutazama chini. Ndiyo, hata kama amechelewa. Yule tanboi wa kivulini yuko pale.

Hatua ya 8: Mwanga

Kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima. Zamu inayotoka saa kumi na mbili na nusu inatembea kwenye yadi wakati macho yanadanganywa kuliko usiku wenyewe. Taa ziwashwe kabla ya hapo, na zielekezwe kwenye vivuko na mlango wa watu. Kwenye viwanja vingi taa zote zinamulika ghala, kwa sababu ziliwekwa kuzuia wezi. Geuza mbili tu uone tofauti.

Rifleta zifuliwe. Ile iliyojaa grisi haiakisi chochote.

Hatua ya 9: Fundisha watu wakiwa ndani ya kebini

Acha mkutano wa ukumbini. Leta lori katikati ya uwanja, lizime, toa ufunguo. Panga jerikani za manjano kulizunguka: mbele chini ya bampa, pembeni mwa mlango wa abiria, nyuma. Kisha wafanyakazi wapande mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva, na kila mmoja ataje anaona jerikani ngapi. Mama wa chakula apande pia, mhasibu apande pia. Sijaona somo linalowaingia watu haraka kama hili. Wanashuka kimya.

Fanya kwa lugha za watu waliopo. Kwenye yadi moja unaweza kuhitaji Kiswahili kwa madereva na askari, Kiganda kwa wapakiaji, Kiacholi kwa wengine. Tafuta mtu wa kutafsiri, usikubali jibu la "wameelewa".

Hatua ya 10: Andika kukoswakoswa

Weka daftari getini. Kila mtu akikoswa na gari, askari aandike saa, mahali, aina ya gari. Jina la dereva lisiandikwe, la sivyo hakuna atakayesema. Baada ya mwezi utaona matukio yakirundikana sehemu moja au mbili. Hapo ndipo penye X yako inayofuata.

Ikikwama

*Meneja anasema hakuna pesa.* Anza na visivyo na bei: kuegesha kinyume, kusimamisha magari zamu zinapobadilishana, kabari, ufunguo kwa msimamizi. Kisha mweleze kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamdai mwajiri hata pale mfanyakazi alipokuwa mzembe, na kwamba inamgusa pia aliyeumia akiwa safarini moja kwa moja kuja au kutoka kazini. "Alipita pasipofaa" haitamwokoa. Nguzo kumi zinalipika.

*Bosi mwenyewe anaendesha kasi.* Usimkemee mbele ya watu. Nenda na daftari la geti, ukurasa wenye matukio ya mwezi, na umwambie kwa heshima: "Mzee, madereva wanakufuata wewe." Wengi hubadilika. Asipobadilika, tuta halina cheo.

*Madereva wa nje hawajui sheria zenu.* Askari awape maelezo matatu tu wanapoingia: mwendo, pa kuegesha, usishuke bila rifleta. Maelezo kumi hayakumbukwi.

*Boda zinaingia mpaka mlango wa ofisi.* Wape kituo chao karibu na mlango wa watu, chenye kivuli. Ukiwakataza bila kuwapa pa kusimama watakuzidi ujanja.

*Watu hawatumii njia ya miguu.* Karibu kila mara kosa ni la njia: ni ndefu mno, ina matope, au imezibwa na gari. Itembee mwenyewe saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha, kabla hujaandika barua ya onyo.

*Alamu za rivasi zipo lakini watu hawasikii.* Magari matano yakilia siku nzima, sikio linazoea na linaacha kusikia. Alamu ibaki, lakini usiitegemee. Rudi hatua ya 5.

Mtu akigongwa

Simamisha magari yote. Gari lililogonga lizimwe, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe kabari. Kama mtu amebanwa, gari lisisogezwe kwa haraka ya kumtoa. Linaweza kumponda zaidi. Piga 999 au 112. Palipo na damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimnyanyue mtu kumpakia kwenye pikapu kama unashuku mgongo au shingo, isipokuwa akiwa kwenye hatari nyingine, kama moto. Usimpe maji wala chakula, huenda akahitaji upasuaji.

Mtu mmoja akae naye, amshike mkono, amwite kwa jina lake. Mwingine awapigie ndugu zake. Mwajiri aripoti kwa afisa wa kazi wa wilaya, na asisubiri kuona kama majeruhi atapona kwanza.

Piga picha za gari, alama za magurudumu, taa na vioo kabla havijaguswa. Andika maneno ya walioona siku hiyohiyo. Kesho yake chukua kiti, kakae pale alipogongwa, saa ileile, na uanze tena hatua ya 1.